"Kuhifadhi" Maana Yake Nini? Nakala za Akiba na Uokoaji wa Kanzidata za Lugha za Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa nyanjani wameandika mengi kuhusu namna ya kukusanya data: uteuzi wa wasailiwa, utungaji wa hojaji, unukuzi wa masimulizi na uchanganuzi wa sarufi. Yameandikwa machache sana kuhusu yale yanayofuata data zikishakusanywa, yaani namna ya kuzitunza ili mtafiti wa kizazi kijacho aweze kuzifikia na kuzisoma. Kazi hiyo kwa kawaida huachiwa fundi wa kompyuta, kana kwamba haimhusu mwanaisimu.

Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yetu kuu ni kwamba utunzaji wa kanzidata ya lugha ni sehemu ya mbinu za utafiti wa isimu, kwa sababu data ya lugha isiyo na maandishi mengi haiwezi kukusanywa upya pindi msemaji aliyeitoa anapofariki. Hoja ya pili ni ya kiistilahi. Tunadai kwamba upotevu mwingi wa data katika idara zetu unachangiwa na utata wa kitenzi kimoja cha Kiswahili, kitenzi *kuhifadhi*, ambacho kimebebeshwa maana nyingi mno katika uwanja wa kompyuta.

Mifano yetu inatokana na Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Sehemu ya 2.0 inaeleza hali ya lugha na data za mkoa huo. Sehemu ya 3.0 inachunguza istilahi. Sehemu ya 4.0 inaainisha maafa yanayozikabili kanzidata, na sehemu ya 5.0 inapendekeza mpango wa akiba na uokoaji unaoweza kutekelezwa na idara yenye bajeti ndogo.

2.0 Lugha na Data za Mkoa wa Songwe

2.1 Lugha

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake ni Vwawa. Una wilaya nne: Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Tunduma, mji wake mkubwa wa biashara, umo katika Wilaya ya Momba, nao unatazamana na Nakonde ya Zambia.

Kwa mujibu wa uainishaji wa Guthrie, lugha kadhaa za mkoa huu zimo katika kundi la M20: Kiwanda (M21), Kinyamwanga (M22) na Kinyiha (M23). Kibungu, kinachozungumzwa upande wa Ziwa Rukwa, kimewekwa mbali nazo katika kundi la F20, kwa alama ya F25. Ileje kuna Kindali na Kilambya, lugha ambazo wasemaji wake wanapatikana pia ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi. Hali kadhalika, mpaka wa Tunduma haukitenganishi Kinyamwanga, kwani wasemaji wake wako pande zote mbili, na ndugu zake wa karibu, Kiiwa (M26) na Kitambo (M27), wako Zambia.

Kwa hiyo mwanaisimu anayetaka kulinganisha lahaja za Kinyamwanga hana budi kufanya kazi katika nchi mbili, na anayetaka kuonyesha uhusiano wa Kibungu na majirani zake anahitaji data za makundi mawili ya Guthrie. Pengo katika kanzidata moja linaathiri hitimisho kuhusu lugha nyingine.

2.2 Data zilizopo

Maelezo marefu ya kisarufi kuhusu Kinyiha yalichapishwa Berlin mwaka 1960 na Joseph Busse. Mwaka 2001, Mradi wa Lugha za Tanzania ulianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2009 ukatoa *Atlasi ya Lugha za Tanzania*. Zaidi ya kazi hizo zilizochapishwa, kuna hazina kubwa isiyochapishwa: daftari za watafiti, tasnifu za uzamili, kaseti, kadi za msamiati, na sasa faili za kompyuta. Hazina hii ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwani kitabu kilichochapishwa nakala mia tano kina akiba yake tayari katika maktaba mbalimbali, ilhali kaseti ni moja tu.

Mwandishi wa makala haya ana ushahidi wake mwenyewe. Mwaka 1998, akiwa mwanafunzi wa uzamili, alirekodi kaseti ishirini na mbili za masimulizi ya Kibungu na kuziweka katika kabati la ofisi ya idara moja. Baada ya miaka kadhaa paa la ofisi hiyo lilivuja wakati wa masika. Kaseti zilizokuwa rafu ya juu ziliota ukungu na hazikuweza kusikilizwa tena. Kilichobaki ni daftari lenye unukuzi, lakini unukuzi huo ulifanywa kwa haraka: toni hazikuandikwa, na urefu wa irabu uliandikwa pale tu mwandishi alipoutambua. Mzee aliyetoa sehemu kubwa ya masimulizi hayo alikuwa amekwishafariki. Leo mwanafunzi anapouliza kuhusu toni katika vitenzi vya masimulizi hayo, daftari halina jibu, wala hakuna wa kuulizwa.

Tukio hili linaonyesha tofauti ya msingi kati ya data za lugha na data nyingine nyingi. Risiti ikipotea, muuzaji anaweza kuitoa tena. Simulizi la marehemu halina mahali pengine pa kulipata.

3.0 Utata wa Istilahi

3.1 Kitenzi *kuhifadhi*

Kitenzi *kuhifadhi* kiliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu kikiwa na maana za kulinda, kutunza na kukariri. Hadi leo tunasema mtoto amehifadhi Kurani, na tunaziita mbuga za wanyama hifadhi za taifa. Kompyuta zilipoenea, kitenzi hicho kilipewa kazi mpya. Katika mazungumzo ya wanafunzi na katika programu zilizotafsiriwa, tumekikuta kikiwakilisha angalau matendo manne yafuatayo:

(a) Kuandika kazi iliyo mbele ya mtumiaji katika diski ya kompyuta anayoitumia, kwa kubonyeza kitufe.
(b) Kuiweka faili katika mahali fulani, kwa mfano katika folda au katika seva.
(c) Kutengeneza nakala ya pili itakayotumika ikiwa ya kwanza itaharibika.
(d) Kukabidhi data kwa taasisi ya kudumu yenye jukumu la kuzitunza kwa vizazi.

Matendo haya hayalingani hata kidogo. Tendo la (a) linalinda kazi isipotee umeme ukikatika, basi. Tendo la (c) linalinda kazi diski ikifa. Tendo la (d) linalinda kazi mtafiti mwenyewe akifa. Mtu aliyefanya la (a) pekee anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba amehifadhi data zake.

Ndivyo ilivyotokea kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikusanya data za Kinyamwanga. Alipoulizwa na msimamizi wake kwa simu kama data ziko salama, alijibu, "Mwalimu, nimehifadhi kila kitu." Msimamizi aliridhika. Juma lililofuata, begi la mwanafunzi huyo liliibwa katika kituo cha mabasi. Ndani ya begi kulikuwa na kompyuta, na pia diski ya nje yenye nakala ya kila kilichokuwa katika kompyuta. Msimamizi, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alisikia maana ya (d), angalau ya (c), ilhali mwanafunzi alikuwa na nakala mbili zilizosafiri katika begi moja. Kosa lilikuwa la msimamizi: aliuliza swali kwa neno lisilopambanua.

3.2 Istilahi shindani

Kwa dhana ya (c), istilahi tatu zinashindana.

Ya kwanza ni *nakala rudufu*. Neno *rudufu* linafahamika vizuri katika shule zetu, ambako kurudufu mitihani ni jambo la kila muhula. Udhaifu wa istilahi hii ni kwamba inaeleza tendo la kuongeza idadi, haielezi kusudio. Faili iliyonakiliwa ndani ya folda ileile ni nakala rudufu kwa kila hali, lakini diski ikifa zote mbili zinakwenda.

Ya pili ni *chelezo*, inayoonekana katika baadhi ya tafsiri za programu na katika mtandao. Kwa asili chelezo ni boya, kitu kinachoelea majini. Pia ni mahali pa kuundia au kutengenezea vyombo vya majini, kama wakazi wa Mwanza wanavyolielewa neno hilo. Sitiari ya kitu kinachobaki kikielea baada ya chombo kuzama ni nzuri, lakini kwa msomaji wa bara, mathalani wa Vwawa au Itumba, haijielezi, na kwa msomaji wa Mwanza inagongana na maana anayoijua.

Ya tatu ni *akiba*. Neno hili linaeleweka kwa mkulima na kwa karani, na limebeba kusudio ndani yake: akiba ni kile kisichoguswa leo ili kitumike siku ya shida. Tunapendekeza istilahi *nakala ya akiba*, na tendo lake *kuweka akiba*. Hata hivyo yapasa kutoa tahadhari moja. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Katika uwanja huu methali hiyo inapotosha. Diski hufa bila taarifa, utepe wa sumaku huota ukungu, na muundo wa faili hupitwa na wakati. Akiba ya data huoza, na ni lazima ikaguliwe kama ghala la mahindi linavyokaguliwa.

3.3 Mapendekezo

Ili kuondoa utata, tunapendekeza mgawanyo ufuatao. *Kuandika* faili litumike kwa tendo la (a). *Kuweka* litumike kwa (b). *Kuweka akiba* litumike kwa (c). *Kukabidhi makavazini* litumike kwa (d). Kitenzi *kuhifadhi* kibaki kuwa jina la jumla la kazi yote, kisitumike katika maelekezo wala katika maswali ya usimamizi.

Aidha, tutofautishe *kurejesha* na *kuokoa*. Kurejesha ni kuirudisha data kutoka katika nakala ya akiba hadi mahali pa kazi. Kuokoa ni shughuli nzima ya kuirudisha idara katika hali ya kufanya kazi baada ya maafa: kupata kompyuta nyingine, kuweka programu, kurejesha data, kuzithibitisha, na kuwapa watumiaji ruhusa zao. Idara inaweza kuwa na uwezo wa kurejesha bila kuwa na uwezo wa kuokoa.

4.0 Aina za Maafa

4.1 Hitilafu ya chombo na wizi

Diski kufa, kompyuta kuibwa na umeme kukatika katikati ya kuandika ni matukio ya kawaida. Kinga yake ni nyepesi kuliko zote: nakala ya pili katika chombo kingine kilichopo mahali pengine. Kisa cha begi kinaonyesha kwamba sharti la mahali pengine ndilo linalosahaulika.

4.2 Kosa la mkono

Tarehe 31 Januari 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya saraka ya kanzidata kuu ya kampuni hiyo akidhani yuko katika seva ya pili. Kati ya gigabaiti zipatazo 300, zilisalia 4.5 hivi. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba. Ilipozigeukia, ikagundua kwamba zana ya kutolea nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na toleo la kanzidata, hivyo nakala hazikuwa zikitengenezwa, na barua za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia msomaji. Kilichowaokoa ni nakala iliyotengenezwa kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa sababu nyingine kabisa. Data za saa hizo sita zilipotea.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba nakala isiyowahi kujaribiwa haiwezi kuhesabiwa kuwa akiba. La pili ni kwamba seva pacha haitoshi. Mfumo unaoiga kila badiliko mara moja utaiga pia kosa mara moja. Folda inayojisawazisha yenyewe katika mtandao ina kasoro hiyo hiyo: mtafiti akifuta faili la Kindali katika kompyuta yake, folda ya mbali hulifuta vilevile. Akiba ya kweli ina tarehe, na nakala ya jana haibadilishwi na kosa la leo.

4.3 Maafa ya mahali

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro. Miongoni mwa vilivyoungua ni kumbukumbu za lugha za wenyeji, zikiwemo rekodi za lugha ambazo wasemaji wake walikuwa wamekwisha. Tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani ulifika katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, ambako sehemu kubwa ya vitabu vya mkusanyiko wa taaluma za Afrika iliangamia.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya karatasi na kanda, na kwamba kompyuta imetuokoa. Sivyo. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa zimewekwa mahali palepale pa data zenyewe. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulioanzia katika betri uliteketeza mitambo ya kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Ghala la faili za watumishi wa umma, lenye terabaiti 858, halikuwa na nakala nje ya jengo, kwa maelezo kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi iliyoendelea sana katika teknolojia ilipoteza data kwa sababu ileile iliyoharibu kaseti za Kibungu: vyote viliwekwa chini ya paa moja.

4.4 Kufa kwa muundo

Aina ya mwisho haina moshi wala maji, na kwa hiyo haionekani. Katika miaka ya 1990 wanaisimu wengi waliandika alama za kifonetiki kwa kutumia fonti maalumu, mathalani SIL IPA93, ambazo zilichukua nafasi za herufi za kawaida na kuzichorea umbo jingine. Faili la namna hiyo likifunguliwa leo bila fonti yake, irabu na alama za toni hugeuka herufi zisizo na maana. Faili lipo, halijaungua wala kuibwa, lakini halisomeki. Kinga yake ni kulihamishia katika mfumo wa Unikodi mapema, wakati mtu anayejua fonti iliyotumika bado yupo, na kuandika kwa maneno orodha ya alama zilizotumika na sauti zinazowakilishwa.

Jambo hilohilo linayakumba maelezo ya mahali. Rekodi ya mwaka 1998 kutoka Tunduma iliandikwa "Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya", na zile za Kibungu zilitajwa kuwa za Wilaya ya Chunya. Mipaka ya utawala imebadilika. Kanzidata inayotegemea jina la wilaya pekee itampeleka mtafiti mahali pasipo. Jina la kijiji na vipimo vya kijiografia viandikwe pamoja.

5.0 Mpango wa Akiba na Uokoaji

5.1 Vikomo viwili

Mpango wowote huanza kwa maswali mawili. Je, tuko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Na je, tunaweza kusubiri kwa muda gani kabla ya kazi kurejea? Tuyaite majibu yake *kikomo cha upotevu* na *kikomo cha kusubiri*.

Tunduma inatupatia mfano wa kulinganisha. Tangu mwaka 2014 forodha ya Tanzania imetumia mfumo wa TANCIS, na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Mfumo wa forodha ukisimama, malori hupanga foleni barabarani kuelekea Mbozi, na kila saa ina gharama. Kikomo cha kusubiri cha forodha ni kifupi sana. Lakini tamko la mzigo likipotea, mwenye mzigo bado ana hati zake, na tamko linaweza kuwasilishwa upya.

Kanzidata ya lugha iko kinyume. Idara ikikosa kamusi yake kwa wiki mbili, hakuna lori litakalosimama. Kikomo cha kusubiri kinaweza kuwa kirefu. Lakini kikomo cha upotevu wa rekodi za sauti yapasa kiwe sifuri, au karibu na sifuri, kwani hati ya kuwasilisha upya haipo. Tofauti hii ina faida kwa bajeti: hatuhitaji mitambo ya gharama ya kurejea kazini kwa dakika chache, tunahitaji nakala nyingi, za bei nafuu, zilizo mbalimbali.

5.2 Nini kiwekewe akiba

Kanzidata ya lugha kwa kawaida ina sehemu tatu. Ya kwanza ni rekodi za sauti na picha. Ya pili ni unukuzi, mara nyingi katika programu ya ELAN, ambayo huandika faili la matini linaloelekeza kwenye faili la sauti bila kuibeba sauti yenyewe. Ya tatu ni msamiati na sarufi katika programu kama FLEx au Toolbox. Mtu anayenakili faili za ELAN pekee kwa kuwa ni ndogo amenakili maneno yasiyo na sauti. Kwa hiyo sehemu zote tatu zinakiliwe pamoja, na majina ya faili yasibadilishwe ovyo.

Ukubwa wake unahesabika. Sauti ya kilohezi 48, biti 24, yenye mikondo miwili, hutumia baiti 288,000 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 1 kwa saa. Mtafiti mwenye saa 100 za rekodi ana gigabaiti zipatazo 104. Kwa mtandao unaopeleka megabiti 2 kwa sekunde, kuzituma kunahitaji saa 115 na zaidi, karibu siku tano bila kukatika. Msamiati wa maneno elfu tano, kwa upande mwingine, ni megabaiti chache tu na hutumwa kwa dakika. Mpango wa busara basi hutuma matini kila jioni kwa mtandao, na kusafirisha sauti kwa diski, mkononi mwa mtu anayeaminika.

5.3 Kanuni ya 3-2-1

Kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh inafaa kuanzia: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtafiti wa Songwe inaweza kutekelezwa hivi. Nakala ya kwanza iko katika kompyuta ya kazi. Ya pili iko katika diski ya nje inayolala nyumba tofauti na kompyuta, mathalani kwa mwenyeji au ofisi ya kijiji. Ya tatu hupelekwa chuoni kila baada ya majuma mawili na kuwekwa katika seva au utepe. Kadi ya kinasa sauti isifutwe mpaka nakala mbili ziwe zimethibitishwa.

Nakala ya mtandaoni ni nyongeza nzuri, lakini isiwe ya pekee. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ya nyaya za baharini za EASSy na SEACOM iliathiri intaneti Tanzania na nchi jirani. Nakala iliyo ng'ambo ilikuwa salama, lakini aliyeihitaji siku hiyo alipata taabu kuifikia.

Kwa tendo la (d), yapo makavazi ya kimataifa yanayopokea data za lugha zilizo hatarini, kama vile PARADISEC ya Australia na ELAR iliyoko Berlin. Kukabidhi nakala huko hakuondoi wajibu wa kubaki na nakala nchini. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Simulizi la ukoo lina majina, magonjwa na migogoro ya ardhi. Msemaji aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba sauti yake itakuwa na nakala ngapi na zitakaa wapi, na ridhaa yake iwekwe pamoja na rekodi.

5.4 Zoezi la kurejesha

Kila muhula, mtu ambaye hakutengeneza nakala apewe kompyuta tupu na aambiwe arejeshe kanzidata kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Afungue simulizi moja la Kinyiha, asikilize sauti, alinganishe unukuzi, kisha atafute maneno kumi katika msamiati. Alama za uthibitisho za kila faili zilinganishwe na zile zilizoandikwa siku ya kunakili. Tofauti ya biti moja huonekana. Muda uliotumika uandikwe. Akishindwa, kosa ni la mpango, na mpango urekebishwe kabla ya siku ya maafa.

Maelekezo yenyewe yachapishwe katika karatasi. Mpango wa uokoaji uliomo ndani ya seva iliyoungua haumsaidii mtu. Yataje cheo cha anayewajibika na msaidizi wake, mahali pa kila nakala, matoleo ya programu, na utaratibu wa kupata nywila ikiwa mwenye nywila hayupo.

6.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba utunzaji wa kanzidata ya lugha haupaswi kutenganishwa na utafiti wenyewe. Tumeona kwamba utata wa kitenzi *kuhifadhi* huwafanya watafiti waamini kuwa data ziko salama ilhali hazijawekewa akiba, na tumependekeza mgawanyo wa istilahi unaoweza kutumika tangu sasa. Aidha, tumeona kwamba maafa ya Rio de Janeiro, Strasbourg na Daejeon yana chanzo kimoja na yale ya kabati la ofisi: kukosekana kwa nakala iliyo mahali pengine na iliyojaribiwa.

Historia ya taaluma yetu inatupa sababu ya kutumaini. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, ikapitia Mombasa na kurejea Dar es Salaam, na katika safari zote hizo kazi ya kamusi haikukatika. Waliitunza kwa makabati na masanduku. Sisi tuna vyombo vyepesi zaidi.

Pendekezo letu la mwisho ni la kiutawala. Idara zisipokee pendekezo la utafiti wa nyanjani lisilo na ukurasa mmoja wa mpango wa akiba, na tasnifu isitahiniwe kabla ya mtu wa tatu kuthibitisha kwamba amezirejesha data zake na kuzisikiliza. Msimamizi naye aache kuuliza, "Je, umehifadhi?" Aulize hivi: "Nakala ni ngapi, ziko wapi, na ni nani aliyezifungua mara ya mwisho?"